Tafsiri ya Rangi: Uhakiki wa Picha za Mandhari Zinapogeuzwa Kuwa Nyeusi na Nyeupe

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza kitendo cha kuichukua picha ya mandhari iliyopigwa kwa rangi na kuigeuza kuwa picha nyeusi na nyeupe. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na idara ya lugha. Jibu letu ni kwamba lina uhusiano wa karibu mno. Kwanza, picha husomwa, na chochote kisomwacho hakina budi kuhakikiwa. Pili, kitendo chenyewe ni kitendo cha tafsiri, na tafsiri ni kazi yetu. Tatu, mtu anayetaka kukihakiki kitendo hicho kwa Kiswahili hukumbana mara moja na suala la istilahi, kwa maana msamiati wa rangi katika lugha yetu una tabia zake ambazo haziwezi kupuuzwa.

Kuna rai mbili zilizoenea kuhusu picha za aina hii. Rai ya kwanza husema kwamba picha nyeusi na nyeupe ni "picha isiyo na rangi", yaani picha iliyopungukiwa. Rai ya pili, ambayo tuliisikia sana tulipokuwa masomoni ng'ambo, husema kinyume chake: kwamba rangi ni pambo tu, na anayeiondoa hubakiwa na kiini cha mandhari, umbo lake na ukweli wake. Tutajaribu kuonyesha kwamba rai zote mbili zina kosa moja. Zote mbili hudhani kwamba kugeuza ni kutoa. Sisi tunashikilia kwamba kugeuza ni kuamua, na kwamba kila uamuzi una mwenyewe, ambaye anaweza kuulizwa.

2. Suala la lugha

Tuanze na lugha, kwa sababu ndicho chombo cha mhakiki. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye mizizi inayopatanishwa na ngeli za nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa mlima mweupe, wingu jeusi, bonde jekundu. Rangi nyingine zote hatuzitaji kwa vivumishi vya aina hiyo bali, mara nyingi, kwa kuazima majina ya vitu. Kijani ni jani. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Kijivu ni jivu la mekoni, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, na samawati ni mbingu kwa jina lake la Kiarabu. Tunasema pia rangi ya machungwa, rangi ya udongo, maji ya kunde, damu ya mzee.

Mpangilio huu si wa ajabu. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1969, walidai kwamba lugha yoyote yenye istilahi mbili tu za msingi za rangi hutaja weusi na weupe, na kwamba ikiongeza ya tatu huwa ni nyekundu. Nadharia yao imepingwa na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini vivumishi vyetu vitatu vinaafikiana nayo bila taabu.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba istilahi "picha isiyo na rangi" haikubaliki. Kwa Kiswahili, weusi na weupe si ukosefu wa rangi. Ndizo rangi zilizokita mizizi kuliko zote. Hata mkazo wake tunao: nyeupe pe, nyeusi ti, na pamoja nazo nyekundu ndu. Anayesema kwamba picha nyeusi na nyeupe haina rangi anaiwazia picha hiyo kwa lugha nyingine. La pili ni zito zaidi. Ikiwa kijani ni jani, basi msemaji wa Kiswahili aelezapo mandhari kwa rangi huwa anataja vitu. Aondoapo kijani kutoka kwenye picha ya bonde, hajaondoa pambo. Ameondoa ushahidi kwamba kuna majani. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa ndipo ulipo uzito wa hoja yetu.

3. Jinsi rangi inavyogeuzwa

Haiwezekani kuhakiki tafsiri bila kujua tafsiri hiyo ilifanywaje. Picha ya dijitali hujengwa kwa vitone vingi vidogo, na kila kitone hubeba namba tatu: kiasi cha wekundu, kiasi cha ukijani na kiasi cha ubuluu, kila kimoja kikipimwa, kwa desturi, kutoka 0 hadi 255. Kuigeuza picha hiyo ni kuzibadili namba tatu kuwa namba moja, yaani daraja moja ya kijivu kati ya weusi na weupe. Swali ni: kila namba ipewe uzito gani?

Kanuni moja iliyozoeleka, ambayo asili yake ni televisheni, hugawa uzito kwa kufuata wepesi wa jicho la binadamu. Kijani hupewa takriban asilimia 59, nyekundu asilimia 30, na buluu asilimia 11. Kanuni hii huonekana kuwa ya haki, na programu nyingi huitumia, au hutumia nyingine inayofanana nayo, pasipo kumwuliza mtumiaji. Hebu tuipime kwa mfano wa kudhani. Chukua picha ya nyika ya Tsavo baada ya mvua, udongo wake mwekundu ukipakana na vichaka vilivyochipua. Tuseme udongo una wekundu 170, ukijani 85 na ubuluu 50. Tuseme majani yana wekundu 80, ukijani 130 na ubuluu 60. Kwa macho yetu, hapana vitu viwili vinavyotofautiana kuliko hivi. Lakini tukitumia kanuni tuliyoitaja, udongo hupata 106 na majani hupata 107. Mpaka umefutika. Kichaka kimezama katika udongo, na mtazamaji ataona uwanda mmoja wa kijivu usiokuwa na mmea wala mvua.

Sasa tutumie namba ya wekundu peke yake. Udongo utakuwa 170 na majani 80: nchi inang'aa na vichaka vimekuwa vyeusi. Tutumie namba ya ukijani peke yake. Udongo utakuwa 85 na majani 130: vichaka vinang'aa juu ya ardhi ya giza. Picha ni moja, saa ni moja, nchi ni moja. Lakini tumepata matini tatu zinazopingana, na hakuna hata moja kati yazo iliyo "asili". Anayesema kwamba yeye ameondoa rangi tu, hakufanya zaidi, amefanya uchaguzi huu bila kujua, au amemwachia aliyeiandika programu amfanyie.

Kuna jambo jingine ambalo humshangaza msomaji anapolisikia kwa mara ya kwanza. Chombo cha kupokea mwanga ndani ya kamera nyingi za dijitali hakioni rangi. Hupima wingi wa mwanga tu. Rangi hupatikana kwa sababu juu ya kila sehemu yake ndogo pamewekwa kichujio cha rangi moja, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: sehemu mbili za kijani kwa kila moja nyekundu na kila moja ya buluu. Kisha kamera hukadiria rangi zinazokosekana kwa kuangalia majirani. Kwa hiyo hata picha ya rangi ni tafsiri. Anayeigeuza kuwa nyeusi na nyeupe anatafsiri tafsiri, kama mtu anayepokea riwaya ya Kirusi kwa Kiingereza na kuileta kwa Kiswahili. Kazi hiyo ina heshima yake, mradi mwenye kuifanya akiri kwamba ndiyo anayoifanya.

4. Mapokeo: mbingu za wapigapicha

Isidhaniwe kwamba uamuzi huu umeletwa na kompyuta. Mabamba ya kupigia picha ya karne ya 19 yaliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu, na kwa sababu hiyo mbingu ilitoka nyeupe tupu, bila mawingu. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari ambazo baadhi yake alizichapa kwa negativu mbili, moja ya maji na nyingine ya mawingu. Mwaka 1873 Hermann Vogel aligundua kwamba bamba likitiwa rangi maalumu hupokea na mwanga wa kijani. Mabamba yanayopokea rangi zote yalianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hivyo "weusi na weupe" wa mwaka 1860 si ule wa mwaka 1910, ijapokuwa jina ni lile lile.

Msanii anayefaa zaidi kuchunguzwa hapa ni Ansel Adams wa Marekani (1902–1984), aliyeipiga picha milima ya California kwa zaidi ya nusu karne. Mwezi wa Aprili mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 25, alipanda hadi mahali panapolikabili jabali la Half Dome katika bonde la Yosemite. Alipiga kwanza kwa kichujio cha manjano, kisha akatambua kwamba mbingu ingetoka na kijivu cha kawaida, isiyolingana na mshtuko alioupata mbele ya jabali lile. Katika bamba la mwisho alitumia kichujio chekundu kikali. Kwa kuwa kichujio chekundu huzuia mwanga wa buluu, mbingu ilitoka karibu nyeusi, na jabali likasimama mbele yake kama shahidi mahakamani. Mbingu ya siku ile haikuwa nyeusi. Weusi ule ni kauli ya msanii.

Baadaye, karibu na mwaka 1940, Adams na mwenzake Fred Archer waliunda utaratibu wa kuugawa mwanga katika daraja 11, tangu weusi ti hadi weupe pe, ili mpigapicha aamue kabla ya kubonyeza kila sehemu ya mandhari itaangukia daraja gani. Adams alikuwa pia mpiga piano aliyefunzwa, na aliifananisha negativu na nota za muziki, nayo picha iliyochapwa akaifananisha na upigaji wa muziki wenyewe. Ushahidi umo katika picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga mwaka 1941. Aliichapa zaidi ya mara 1,300. Katika chapa za mwanzo mbingu ina kijivu na mawingu hafifu. Katika zile za miaka ya baadaye mbingu ni usiku mtupu. Negativu ilikuwa moja. Kilichobadilika ni msomaji wa negativu hiyo, naye alikuwa Adams mwenyewe, ambaye umri ulikuwa umesogea.

Tofauti kati ya zama za Adams na zetu ni mahali pa uamuzi. Yeye alipoweka kichujio chekundu mbele ya lenzi alikuwa amefunga mlango. Ile buluu ilikuwa imepotea milele. Mpigapicha wa leo hubaki na picha ya rangi katika hifadhi yake, na anaweza kuigeuza leo hivi na kesho vile. Kwa maneno mengine, matini asilia ipo. Kwa mfasiri, kuwepo kwa matini asilia hakupunguzi wajibu. Huuongeza, kwa kuwa sasa anaweza kulinganishwa nayo.

5. Suala la itikadi: mandhari na wakati

Hapa ndipo hoja yetu inapotoka katika fani na kuingia katika maudhui. Kwa muda mrefu wakubwa wa sanaa hii waliidharau rangi, wakiiona kuwa ni mambo ya matangazo ya biashara. William Eggleston alipoonyesha picha zake za rangi katika Museum of Modern Art, New York, mwaka 1976, baadhi ya wahakiki walizishambulia vikali. Dharau hiyo imepungua, lakini imeacha mazoea: mtazamaji akikutana na mandhari nyeusi na nyeupe hudhani mara moja kwamba yuko mbele ya jambo zito, la kale, lisilobadilika.

Mazoea hayo hutumiwa. Bonde la Yosemite katika picha nyingi za Adams huonekana kana kwamba liliumbwa jana na halijakanyagwa na mtu. Lakini Waahwahneechee walikuwa wakiishi humo, na mwaka 1851 kikosi cha Mariposa kiliingia bondeni kuwatoa kwa nguvu. Hatusemi kwamba Adams aliwafukuza, wala kwamba picha zake si nzuri. Uzuri wake hauna shaka. Tunasema kwamba rangi ya kijivu, pamoja na kuwaacha watu nje ya fremu, humsaidia mtazamaji asiulize habari za wakati. Inafaa kukumbuka kwamba picha ya Hernandez ina kijiji, kanisa na makaburi yenye misalaba inayong'aa, na kwa maoni yetu ndiyo sababu mojawapo ya uzito wake: ndani yake mna watu waliokufa na wanaoishi.

Mfano wa karibu zaidi ni Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025. Kazi yake iitwayo Genesis, iliyotolewa mwaka 2013, ilikusanya mandhari, wanyama na jamii za pembe nyingi za dunia. Katikati ya kazi hiyo aliacha filamu na kuanza kutumia kamera ya dijitali, ila matokeo yake yaliendelea kuwa nyeusi na nyeupe. Ufundi wake wa kupanga mwanga ni wa hali ya juu. Hata hivyo jina lenyewe la kazi, ambalo ni la kitabu cha Mwanzo, linaeleza kile ambacho weusi na weupe wake unatakiwa kutenda: kuirudisha dunia ya karne ya 21 katika siku za uumbaji. Mhakiki anayo haki ya kuuliza kama nchi inayokaliwa na watu wenye kodi, redio na uchaguzi inaweza kupelekwa huko bila ya kuuawa kitu.

Tuliahidi kulirudia suala la jani. Nchi zetu za Afrika Mashariki husomwa kwa rangi. Mkulima wa Bonde la Ufa huijua hali ya shamba lake kutoka mbali: kijani cha mahindi machanga, manjano ya mahindi yaliyokomaa na kungoja kuvunwa, na rangi ya jivu ya mahindi yaliyokaushwa na jua kabla hayajabeba. Hali hizo tatu ni matumaini, shibe na njaa. Zigeuze kuwa kijivu kwa uzito fulani, na shibe itafanana na njaa. Giza likiongezwa kidogo mbinguni, shamba lililo tayari kuvunwa litakuwa picha ya ukame, na mtazamaji wa mbali, ambaye tayari amezoea kuletewa Afrika yenye ukame, ataipokea bila kushuku. Hapo hakuna uwongo uliosemwa. Hakuna kitone kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Ni uzito tu uliogawanywa.

Kwa sababu hii hatuwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba weusi na weupe huonyesha kiini. Kiini cha mwamba, labda, maana mwamba hauna masika wala kiangazi. Picha ya jabali la Half Dome haikupoteza kitu cha maana kwa kukosa rangi, ilipata. Lakini kiini cha shamba ni majira, na majira yamo ndani ya rangi. Uamuzi wa kugeuza basi hauwezi kuwa kanuni ya jumla ya usanii. Sharti upimwe kwa kila mandhari, kwa kuuliza: je, rangi hapa ni mwanga tu, au ni habari?

6. Kuelekea uhakiki wa Kiswahili

Tunapendekeza kwamba mhakiki wa Kiswahili anapokabili picha ya namna hii aulize maswali matatu. Kwanza, rangi zipi za awali zimefanywa kuwa daraja moja, na zipi zimetenganishwa? Hili ni swali la fani, na mara nyingi laweza kujibiwa kwa kutazama tu: mbingu nyeusi mchana kweupe ni dalili ya wekundu kupewa uzito, majani yanayong'aa ni dalili ya ukijani. Pili, ni habari gani iliyokuwamo katika rangi hizo: majira, saa, afya ya mmea, dalili ya kazi ya binadamu? Tatu, nani hufaidika na kutoweka kwa habari hiyo?

Kuhusu istilahi, tungependa kuona neno "kuondoa rangi" likiachwa, na mahali pake litumike "kutafsiri rangi", ambalo hutaja wazi kwamba kuna mtendaji. Kwa viwango vya kijivu tunapendekeza "daraja", zihesabiwe kutoka 0 hadi 10, maana lugha yetu imezitaja ncha mbili kwa nguvu zote, pe na ti, lakini imeziacha hatua za katikati bila majina. Hili si pengo la kuona haya. Ni nafasi ya kazi. Walimu wanaweza kuanza kwa zoezi jepesi: kuchukua picha moja ya rangi ya mahali wanapopajua wanafunzi, kuigeuza kwa njia tatu tofauti, na kuwataka waandike aya moja juu ya kila moja bila kuambiwa kwamba ni mahali pamoja.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha nyeusi na nyeupe haikupungukiwa rangi wala haikukaribia ukweli zaidi kwa sababu ya weusi na weupe wake. Ni matini iliyotafsiriwa, yenye mfasiri, yenye uzito uliogawanywa kwa namna moja badala ya nyingine. Kazi bora za aina hii ni zile ambazo mgawo wake unatetewa na mandhari yenyewe, kama jabali lilivyoitetea mbingu nyeusi ya mwaka 1927. Kazi zilizo dhaifu, hata zikiwa za kupendeza macho, ni zile zinazotumia kijivu kama pazia. Idara zetu zimewafundisha wanafunzi wengi kuuliza nani anasimulia katika riwaya na kwa niaba ya nani. Wakati umefika wa kuliuliza swali hilo hilo mbele ya picha ya bonde, na kuliuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo kwayo kijani bado ni jani.